MABANGO PEKE YAKE HAYAZUII KIPINDUPINDU

Kipindupindu si mgeni katika nchi yetu. Wimbi la saba la ugonjwa huo duniani lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Tanzania katika miaka ya 1970, na hadi leo halijakoma. Mlipuko uliozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea karibu mikoa yote ya Bara, Mwanza ikiwamo.

Kwa wakazi wa Kirumba jambo hili si dogo. Katika soko la Mwaloni hushushwa dagaa na samaki wakavu kutoka visiwani, na wanunuzi hufika hapo hata kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Mtu aliyeambukizwa huweza kukaa hadi siku tano kabla ya kuugua. Katika siku hizo mchukuzi, baharia na mchuuzi huwa wamekwisha kwenda mbali. Choo kikikosekana mwaloni, madhara yake hayaishii Kirumba.

Hatuamini kwamba tatizo letu ni ujinga. Ni nani asiyejua kwamba maji ya kunywa hayana budi kuchemshwa au kutiwa dawa, na kwamba mikono inawe kwa sabuni? Kinachopungua ni kutenda, pamoja na nyenzo za kutendea.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio na kujadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Nguvu ya kampeni ile haikuwa redio peke yake. Ilikuwa ni kwamba mazungumzo yaliishia kwenye jembe.

Kwa hiyo twawaambia waziwazi walimu na watumishi wa umma: wananchi wanatutazama sisi kwanza. Mwalimu anayefundisha usafi katika shule isiyo na hata ndoo ya kunawia anafundisha maneno matupu. Mtumishi anayemwaga chakula cha mama lishe, bila kuhakikisha kwamba sokoni pana maji safi, amemwadhibu mnyonge na kuyaacha maradhi palepale. Sheria za afya zifuatwe, lakini huduma itangulie adhabu.

Kila shule, ofisi na mwalo ujiulize leo: maji yapo? Sabuni ipo? Choo kinatumika? Na mtu akianza kuharisha, asifichwe. Apelekwe upesi kituo cha afya, na njiani anyweshwe maji ya chumvichumvi. Yakikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Ugonjwa huu huweza kuua kwa saa chache. Tusingoje mgonjwa wa kwanza ndipo tuanze kutafuta jembe.