Mkinge simbilisi wako na baridi ya Julai

Ule msimu ambao Nairobi huamka na mawingu na kulala na mawingu ndio huo. Kati ya Juni na Agosti jua la Eastlands huwa la kubahatisha, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 11 au chini ya hapo. Wewe una blanketi na uji wa moto. Je, yule simbilisi aliye kwenye sanduku nyuma ya nyumba ana nini?

Simbilisi ni yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye watoto wengi mitaani, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Dandora, humwita ginipigi. Kwa mtoto, mnyama huyu ni rafiki na pia ni mali yake ya kwanza, kwani huzaa na wanawe wakauzwa. Akifa kwa baridi, nyumba nzima huingia simanzi. Kinga ni bora kuliko tiba, kwa hivyo tuzungumze mapema.

Wako wanaosema kwamba kwa kuwa asili ya simbilisi ni milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, basi baridi si kitu kwake. Huo ni ukweli nusu. Tangu jadi, wakulima wa milima hiyo huwafuga jikoni, karibu na meko. Hata jirani zetu wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, wengi wao huwaweka jikoni vilevile. Simbilisi hustarehe kwenye joto la nyuzi 18 hadi 24. Usiku wetu wa Julai uko mbali na hapo.

Lakini usikimbilie kutafuta moto. Kinachowaua wengi ni baridi iliyoandamana na unyevu na upepo. Simbilisi aliye mkavu, aliyekingwa upepo na mwenye wenzake wa kulaliana, huvumilia usiku. Aliyelowa hupata nimonia, na haichukui siku nyingi.

Anza na nyumba yake. Inua sanduku futi moja au mbili kutoka ardhini, maana saruji na udongo hunyonya joto. Sakafu iwe ya mbao, isiwe ya waya mtupu. Paa la mabati liinamie upande mmoja ili mvua iteleze, na chini yake uweke mbao au katoni, kwa sababu mabati usiku huwa kama barafu. Ukitaka kujua mlango uelekee wapi, tazama moshi wa jirani unakopeperushwa, kisha uupe upepo kisogo. Usiku teremsha gunia mbele ya waya, ila acha nafasi ya hewa juu. Ukiziba kila tundu, harufu kali ya mkojo itamharibia mapafu.

Ndani, tandika magazeti (hata hili, ukishalisoma), kisha maranda kutoka kwa seremala, na juu yake nyasi kavu tele ambazo ataweza kujizika ndani. Epuka vumbi la mbao, humwingia puani. Mwekee pia kisanduku kidogo chenye tundu moja, ajifiche humo. Kila asubuhi ondoa kilicholowa. Hiyo ni kazi ambayo mtoto wa miaka minane anaiweza.

Usiku ukiwa mkali zaidi, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, funga kifuniko barabara, ivike soksi kuukuu na uilaze pembeni mwa kisanduku. Aachiwe nafasi ya kuisogelea au kuikimbia. Bora zaidi, mwingize ndani ya nyumba jioni. Utakuwa umemwepusha na paka, panya na mikono mirefu pia.

Hapa, mama na baba, naomba tusikizane. Usimwashie jiko la makaa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkulima wa Kivu huwa mbali na kitanda. Chumba chako cha Kayole ndicho jikoni na ndicho chumba cha kulala. Ukifunga dirisha na jiko linawaka, gesi hiyo itamuua simbilisi, na itamuua mtoto aliyelala kando yake. Hapa Nairobi watu wamelala na jiko wasiamke. Jiko lizimwe na litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala.

Chakula nacho huleta joto. Nyasi kavu zisikose mchana na usiku. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo sukuma wiki au kipande cha pilipili hoho kila siku ni lazima. Majani yaliyolowa umande yaanikwe kwanza. Na usimwogeshe msimu huu.

Mweke na mwenzake, lakini madume wawili huweza kupigana. Wala usimchanganye na sungura: teke la sungura ni zito, na huweza kumwambukiza ugonjwa wa mapafu. Vitoto vya simbilisi huzaliwa na manyoya, macho wazi, tofauti na vya sungura ambavyo huzaliwa uchi. Hata hivyo, huganda upesi, kwa hivyo ongeza nyasi.

Ukimwona amejikunyata, manyoya yamesimama, pua inatoka kamasi na chakula hakigusi, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Pale Kabete kuna kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Na usimpe kamwe penisilini au amoksilini iliyobaki kabatini. Dawa hizo humponya mtoto wako, lakini huweza kumuua simbilisi.

Basi leo jioni, kabla ya giza kuingia, tia mkono ndani ya lile sanduku. Ukihisi unyevu, hujachelewa kubadilisha. Jumapili njema, na tukijaliwa tukutane tena juma lijalo.