Pasheni Uani, Maji Safi Jikoni

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya tunda ambalo wengi wetu hulinunua sokoni, ilhali lingeweza kuota kwenye ua wa nyumba zetu wenyewe. Tunda hilo ni pasheni, ambalo jirani zetu wa Burundi na Kongo huliita marakuja. Halihitaji shamba. Linahitaji ukuta au kichanja, maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, na mama mwenye subira ya mwaka mmoja hivi.

Asili ya pasheni ni Amerika ya Kusini, pande za Brazili na Paraguai. Jina lake lina habari ya kupendeza. Wamisionari wa zamani waliofika huko walilitazama ua la jamii ya mmea huu wakakumbuka mateso ya Bwana Yesu. Nyuzi zilizozunguka katikati ya ua walizifananisha na taji la miiba, vichomozo 3 vya juu wakavifananisha na misumari, na vile 5 vya chini yake na majeraha matano. Mama anayefundisha watoto wakati wa Kwaresima anaweza kuchuma ua moja tu na kupata somo zima.

Aina ipi ipandwe?

Zipo aina mbili kubwa. Ile ya zambarau hupenda baridi, nayo hustawi vizuri milimani, kama vile Kasulu na Buhigwe. Ile ya manjano hustahimili joto. Sisi wa Ujiji, Kibirizi, Katonga na vijiji vya mwambaoni tunakaa karibu na usawa wa ziwa, ambao ni kama mita 770 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo tuchague ya manjano. Tunda lake ni kubwa zaidi na lina ukali zaidi, nalo hutoa maji mengi.

Ila aina ya manjano ina jambo moja ambalo akina mama wengi hawalijui. Mti mmoja peke yake hutoa maua mengi bila matunda, na mwenye nyumba husema umelogwa au ni dume. Sivyo. Mti huo unahitaji chavua kutoka mti mwingine. Basi panda miti 2 au 3, na mbegu zake zitoke katika matunda ya miti tofauti. Wanaobeba chavua ni nyuki, hasa wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ua la pasheni ya manjano hufunguka mchana na kufunga usiku, kwa hiyo usinyunyizie dawa ya wadudu saa hizo. Nyuki wakiwa wachache, chukua pamba kwenye kijiti, gusa chavua ya ua la mti mmoja na kuipaka kwenye vile vichomozo 3 vya ua la mti wa pili.

Kupanda na kutunza

Kamua mbegu za tunda lililoiva, ziache katika maji yake siku 2 au 3, zioshe, zikaushe kivulini, kisha zisie kwenye makopo yenye udongo na mbolea ya samadi. Ukisia mwezi wa 8, miche itakuwa tayari mvua zinapoanza mwezi wa 11. Chimba shimo la sentimeta 50 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, na uache mita 3 kati ya mti na mti. Tengeneza kichanja cha urefu wa mita 2. Maji yasituame shinani, maana mizizi huoza upesi. Mti unaonyauka ghafla na kufa ung'olewe, na mahali hapo pasipandwe pasheni tena.

Tunda lililoiva huanguka lenyewe. Okota kila asubuhi kabla kuku hawajalifikia. Ganda likianza kukunjamana usilitupe, kwani utamu umezidi. Lakini watoto waonywe wasile matunda mabichi ya kijani wala majani yake, kwa sababu yana sumu.

Faida yake mwilini

Kula pasheni kwa kijiko pamoja na mbegu zake ndiyo njia bora. Mbegu zina nyuzinyuzi nyingi zinazosaidia tumbo kufanya kazi, na wale wanaosumbuliwa na choo kigumu, hasa wajawazito, huona nafuu. Tunda hili lina vitamini C, na vitamini hiyo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Basi mama mjamzito anayekula ugali kwa maharage, au mchicha uliokaangwa kwa mawese, ale pasheni 1 au 2 hapo hapo. Vidonge vya kuongeza damu vilevile vimezwe kwa maji na pasheni kuliko kumezwa kwa chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini.

Neno zito: maji ya pasheni

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Pasheni iliyomo ndani ya ganda lake, ukiiosha na kuikata kwa kisu safi, ni salama. Hatari huanza pale tunapoichanganya na maji. Wengi wetu tunaoishi mwambaoni tumezoea kuteka ziwani, na maji ya Tanganyika yanavyong'aa humdanganya mtu akadhani ni safi. Tukumbuke Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa mwambao wetu. Kipindupindu kilizuka, na katika majuma machache tu wagonjwa walifikia kama 3,000 na watu 31 walikufa. Ziwa lilikuwa zuri machoni kama kawaida yake.

Wapo wanaosema kwamba ukali wa pasheni unaua vijidudu. Tusiutegemee. Ukishaongeza maji na sukari ukali huo unapungua, na aliyekunywa ni mtoto wako au mgeni wako. Utaratibu ni huu: chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima, yafunike yapoe, au tumia dawa ya kutibu maji kama pakiti inavyoelekeza. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda, kata, kamua na kuchuja. Tia kikombe 1 cha maji ya tunda kwa vikombe 3 vya maji. Barafu nayo ni maji, hivyo itokane na maji yaliyochemshwa. Kinywaji kinywewe siku hiyo hiyo. Tunapoandaa sherehe za kanisa au matanga, dada mmoja apewe kazi ya maji tu, asichanganyiwe kazi nyingine.

Mtu akiharisha choo kama maji ya mchele, apewe mara moja maji ya chumvichumvi ya pakiti na apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Mtoto anyonye kama kawaida. Na mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji ya pasheni kabisa. Maziwa ya mama yanamtosha.

Juu ya sukari, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe vijiko vidogo 6 kwa siku, akitaka afya njema zaidi. Glasi moja tuliyozoea kuitia sukari inaweza kumaliza fungu lote hilo. Punguza kidogo kidogo kila juma, na watoto watazoea.

Keki ya pasheni ya sufuria

Changanya siagi gramu 125 na sukari robo tatu ya kikombe mpaka ziwe laini na nyeupe. Ongeza mayai 3, moja moja. Chekecha unga wa ngano vikombe 2 na bekingi pauda vijiko vidogo 2, uutie pole pole, ukipokezanisha na nusu kikombe ya maji ya pasheni yasiyoongezwa maji. Acha mbegu kijiko 1 kwa ajili ya uzuri. Paka sufuria siagi na unga, mimina, funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 40 hivi choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu keki imeiva.

Akina mama wenzetu, mti huu unaweza kutulisha miaka 3 au zaidi. Tuupande, tuwagawie jirani miche, na tuchemshe maji. Mungu azibariki nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.