Tuwazibie Njia Walaghai wa Simu

Mfanyabiashara wa dagaa aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe au Kome kuja Mwanza miaka ya nyuma alikuwa na hofu mbili: dhoruba na majambazi. Fedha zake zote zilikuwa kiunoni mwake, na waliovamia mitumbwi ziwani walilijua hilo vizuri. Wako waliopoteza mtaji, na wako waliopoteza maisha.

Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, hofu hiyo imepata dawa. Leo mnunuzi aliye Dar es Salaam humlipa muuzaji wa Mwaloni, Kirumba, kabla gunia halijapakiwa. Mama mwenye duka Igoma huchagua vitenge kwa picha alizotumiwa kwenye simu, hulipa, na mzigo humfikia kwa basi. Haya ni maendeleo ya kweli, na hatuna budi kuyapokea kwa moyo mkunjufu.

Lakini palipo na neema, kupe hawakosi. Mwizi wa leo hahitaji mtumbwi wala bunduki. Huwatumia watu wengi ujumbe mmoja, "Ile hela itume kwenye namba hii", akijua kuwa miongoni mwao yupo anayedaiwa ambaye ataamini. Hupiga simu akijifanya mtumishi wa kampuni, akaomba namba ya siri. Au hufungua duka la picha tupu mtandaoni, akapokea malipo ya bidhaa asizokuwa nazo. Kwa dakika moja mtaji wa mwaka mzima wa jasho hutoweka, na mkopo wa kikundi hubaki palepale ukidai.

Sheria zipo. Mwaka 2015 zilitungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Kila laini, basi, ina mwenyewe. Mwananchi aliyeibiwa ana haki ya kuuliza: iweje mwizi aliyeacha alama za vidole asijulikane?

Jibu ni chungu. Si lazima vidole hivyo viwe vya mwizi. Huenda ni vya mvuvi aliyesajili laini moja chini ya mwavuli wa barabarani, akaambiwa abonyeze tena kwa kuwa mashine haikusoma, kumbe laini ya pili inasajiliwa kwa jina lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakala wa namna hii si mfanyabiashara. Ni mshirika wa mwizi, na anastahili kutendewa hivyo mbele ya sheria.

Kwa hiyo tunasema: kampuni za simu zisidhani kuwa zimemaliza wajibu kwa kutuma ujumbe wa tahadhari. Anayepata faida katika muamala ana wajibu wa kumchunguza kila anayeuza laini kwa niaba yake, na wa kuzuia fedha haraka mteja anapolalamika. Polisi nao wampokee aliyeibiwa shilingi 50,000 kwa uzito ule ule wa aliyeibiwa milioni 50. Kwa mchuuzi wa samaki, hizo 50,000 ndizo biashara yote.

Wananchi nao wana sehemu yao. Kila mmoja abonyeze *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua aende akaikane. Ujumbe wa kilaghai upelekwe namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Namba ya siri asitajiwe mtu yeyote, hata anayedai kutoka kampuni ya simu. Wala aliyetapeliwa asione haya kusema. Aibu ni ya mwizi, na ukimya wa mmoja ndio unaomfikisha mwizi kwa wa pili.

Biashara ya ziwani imesimama juu ya kuaminiana. Mnunuzi akianza kuiogopa simu, atarudi kubeba fedha kiunoni, na majambazi watafurahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tunauona, tuuzibe sasa.