Kinga ya kompyuta za hospitali nayo huugua, isicheleweshewe tiba

Msomaji, ukiingia hospitali leo, kitu cha kwanza kukutana nacho si daktari. Ni kompyuta. Mapokezi wanatafuta faili lako humo, maabara wanaingiza majibu humo, dirisha la dawa wanasoma humo kipimo cha dawa ya mwanao kulingana na uzito wake. Kwa hiyo afya ya kompyuta hizo ni sehemu ya afya yako, hata kama hakuna anayekuambia hivyo.

Hoja yangu leo ni fupi. Hospitali inayochelewa kuziba mianya kwenye programu zake, hasa programu ileile inayozilinda kompyuta dhidi ya virusi, inamweka mgonjwa hatarini sawa na ile inayotumia mkasi ambao haukuchemshwa. Tunapaswa kuliona jambo hili hivyo, na kulidai hivyo.

Tuanze na namna kinga hiyo inavyofanya kazi. Nyumbani unaweka programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta moja, basi. Hospitali yenye kompyuta mia tatu haiwezi kuzizungukia moja moja kila siku. Inakuwa na kompyuta kubwa, seva, ambayo ndiyo kituo cha kuongozea. Seva hiyo hutuma kinga mpya kwenye kompyuta zote, hupokea taarifa za virusi vilivyoonekana, na ina ruhusa ya kuingia kila mahali: wodini, maabara, famasi, uhasibu.

Ifananishe na friji ya chanjo ya wilaya. Chanjo ikitunzwa vizuri pale, zahanati zote zinanufaika. Friji hiyo ikiharibika na mtu asijue, zahanati zote zinapelekewa kitu kibovu kwa gari lilelile na kwa karatasi zilezile za kuaminika.

Na seva hizi huwa na kasoro. Kasoro mbaya kuliko zote ni ile inayomruhusu mtu aliye mbali, pengine nchi nyingine, kuiamuru seva ifanye anachotaka bila kuwa na nenosiri. Akiishika, amezishika kompyuta zote zinazoisikiliza.

Si hofu za kufikirika. Juni 2016 kampuni ya Symantec ililazimika kutoa marekebisho baada ya mtafiti wa Google, Tavis Ormandy, kuonyesha kuwa programu zake za kinga zilikuwa na mianya mikubwa. Katika baadhi ya hali, barua pepe ilitosha kuingia tu kwenye kompyuta. Mwenye kompyuta hakuhitaji kuifungua, kwa sababu programu ya kinga yenyewe iliifungua ili kuikagua, na hapo ndipo mtego ulipofyatuka.

Agosti 2025 ikawa zamu ya Trend Micro. Kampuni hiyo ilitangaza mianya miwili katika ukurasa wa kusimamia programu yake ya Apex One, ile inayokaa kwenye seva ya taasisi yenyewe. Katika kipimo kinachoishia 10, ilipewa uzito wa 9.4. Kampuni ilisema tayari ilikuwa imeona jaribio la kuitumia. Ilitoa kwanza dawa ya kutuliza, iliyozima kazi moja ya programu hiyo, kisha mwezi huohuo ikatoa tiba kamili. Taasisi iliyokuwa na mtu wa kusoma tangazo hilo na kulifanyia kazi siku hiyohiyo ilikuwa salama zaidi. Isiyokuwa naye ilibaki mlango wazi.

Sasa utauliza, haya yananihusu nini mimi mwenye mtoto anayekohoa? Sikiliza yaliyowapata wenzako.

Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa marekebisho ya mwanya mkubwa katika Windows. Mei 12, karibu miezi miwili baadaye, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika mwanya huohuo na kufunga kompyuta duniani kote. Uingereza, theluthi moja hivi ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma England ziliathirika. Inakadiriwa miadi zaidi ya 19,000 ilifutwa. Wagonjwa 139 waliokuwa wamepewa rufaa ya haraka kwa kushukiwa saratani walifutiwa miadi. Hospitali tano zilielekeza magari ya wagonjwa kwingine. Wakaguzi wa serikali walipochunguza, walikuta kuwa taasisi zote zilizoambukizwa zilikuwa na Windows ambazo hazijarekebishwa au zilizopitwa na wakati. Dawa ilikuwepo. Haikunywewa.

Ireland nako kuna somo. Machi 2021 mfanyakazi mmoja wa shirika la umma la huduma za afya alifungua faili lenye virusi lililokuja kwa barua pepe. Programu ya kinga katika kompyuta ile iliwaona wavamizi mwisho wa mwezi huo. Lakini ilikuwa imepangwa itazame tu, isizuie. Siku moja kabla ya balaa, kampuni ya programu hiyo ilituma ujumbe kwamba kuna hatari ambazo hazijashughulikiwa katika mashine zisizopungua 16. Seva zikazimwa na kuwashwa upya. Mei 14 mifumo ya nchi nzima ikafungwa. Hospitali ya wazazi ya Rotunda, Dublin, ilifuta kliniki za siku hiyo isipokuwa kwa wajawazito wa wiki 36 na kuendelea. Kurejesha seva zote kulichukua hadi Septemba.

Huo nao ni uzembe wa aina yake: kinga ipo, imelipiwa, imepiga kelele, na hakuna aliyeitikia.

Na vifo? Juni 2024 wahalifu waliifunga mifumo ya kampuni inayozipimia damu hospitali kadhaa za London. Mwaka mmoja baadaye hospitali ya King's College ilithibitisha kuwa mgonjwa mmoja alifariki ghafla katika kipindi kile, na miongoni mwa sababu kadhaa zilizochangia ilikuwa kusubiri kwa muda mrefu majibu ya kipimo cha damu. Mzazi yeyote aliyewahi kukaa benchi akisubiri majibu ya damu ya mtoto mwenye homa kali anaelewa uzito wa neno kusubiri.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema marekebisho ya haraka nayo huua mifumo. Kweli. Julai 19, 2024 kampuni ya CrowdStrike, nayo ya ulinzi wa kompyuta, ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka duniani, za hospitali zikiwamo. Wanasema pia kuwa mashine za mionzi haziguswi ovyo bila idhini ya mtengenezaji. Na wanasema bajeti ni finyu, fedha ziende kwenye dawa.

Nawajibu hivi. Dawa mpya nayo ina madhara, lakini hatuachi kutibu, tunatibu kwa utaratibu. Jaribu sasisho kwenye kompyuta chache, tazama saa kadhaa, kisha sambaza. Hiyo ni kazi ya siku, haiwi kazi ya miezi. Mashine isiyoweza kurekebishwa itengwe kwenye mtandao wake, kama tunavyomtenga mgonjwa wa kifua kikuu anayeambukiza. Ukurasa wa kusimamia seva ya kinga usifikiwe kutoka intaneti ya nje, ufikiwe na wahusika wachache tu, kutoka ndani. Na kuhusu fedha, marekebisho ya programu yenye leseni hai kwa kawaida hayauzwi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mwenye jukumu, ratiba, na bosi anayemuuliza kila wiki, "Umeziba?"

Hapa kwetu jambo hili halijachelewa kuzungumzwa. Hospitali zetu zinaacha mafaili ya karatasi na kuhamia kwenye mifumo kama GoTHoMIS, na ni hatua njema. Lakini kila kompyuta mpya inayofika wodini inahitaji mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa zako azilinde, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Kwa hiyo usalama huo ni haki yako, usiuombe kama hisani.

Wewe ufanye nini? Tunza kadi ya kliniki ya mtoto kama unavyotunza cheti chake cha kuzaliwa, na usiitupe kwa sababu tu "tayari yumo kwenye kompyuta". Piga picha majibu ya vipimo vikubwa. Andika kwenye karatasi majina ya dawa anazotumia mgonjwa wako, kiasi chake, kundi la damu na dawa zinazomdhuru. Siku mfumo ukianguka, karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia muuguzi kuanza kazi.

Usichomeke flashi yako kwenye kompyuta ya hospitali, wala usimwombe mhudumu akuchomekee. Ukiambiwa "mtandao hakuna" kwa sababu ya matengenezo yaliyotangazwa mapema, vumilia. Saa mbili za matengenezo ni bora kuliko miezi minne ya Ireland. Ila ukiambiwa hivyo kila wiki bila maelezo, una haki ya kuuliza.

Uliza kupitia kamati ya kituo chako cha afya, ambamo wananchi wana wawakilishi. Maswali ni matatu tu. Nani hapa anapokea taarifa za mianya ya programu? Mwanya mkubwa ukitangazwa, unazibwa ndani ya siku ngapi? Na mfumo ukizimika usiku, wodi ya wazazi itafanyaje kazi? Huhitaji kuwa mtaalamu wa TEHAMA kuyauliza, kama ambavyo huhitaji kuwa daktari kumuuliza muuguzi kama amenawa mikono.

Mganga mkuu akiyajibu bila kusita, mshukuru. Akikosa majibu, msiondoke kikaoni bila kupanga tarehe ya kuyapata.