Tusizitupe picha zetu kuukuu

Siku hizi vijana hucheka wanapofunua albamu za wazee wao. "Picha gani hii, mtu hana miguu!" Picha nyingi za namna hiyo huishia jaani. Mimi nasema tunakosea, na sababu yangu ni hii.

Mwaka 1974 nilisafiri mara ya kwanza kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa gari la moshi. Mjomba aliniazima kamera yake, Brownie 127. Kamera za jina hilo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1900, kwa dola moja, ili hata mtoto aweze kupiga picha. Hii ya mjomba ilikuwa kisanduku cheusi cha plastiki ngumu. Ulisimama jua likiwa mgongoni, ukatulia tuli, ukabonyeza. Kisha ulizungusha filamu mpaka nambari ikaonekana katika kidirisha chekundu cha nyuma. Filamu moja ilitoa picha nane, basi.

Stesheni alinisindikiza baba, amevaa kanzu, mkononi kikapu cha chakula alichofunga mama. Nilipomwelekezea kamera alinikataza. "Usiharibu filamu, mwanangu. Mimi utanikuta papa hapa. Kapige picha za Nairobi." Nikabonyeza kabla hajamaliza.

Zile saba nilizitumia kwa uchoyo. Alfajiri katika uwanda wa Athi nilipiga picha za punda milia kutoka dirishani. Zilipotoka studio zilikuwa ukungu mtupu, kwani kamera ile haikuweza kushindana na mbio za gari. Majumba ya Nairobi yalitoka safi. Picha ya baba ilikuwa imepinda, miguu imekatika. Nusura niitupe.

Baba alifariki miaka mitatu baadaye. Hakupenda kupigwa picha, na hiyo ndiyo pekee niliyo nayo. Majumba yale yamo katika kadi za posta kila mahali. Baba yumo katika karatasi ile moja. Nyuma yake laonekana behewa la zile safari za usiku, zilizokoma mwaka 2017 reli mpya ilipoanza kubeba abiria.

Hata hivyo nina deni. Katika picha nyingine yumo kijana niliyegawana naye kikapu cha mama usiku ule. Alinitajia jina lake, lakini sikuliandika, na sasa sina wa kumwuliza.

Kwa hivyo, msomaji, kabla hujatupa picha iliyopinda, mpelekee mzee aliye hai. Muulize huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani. Andika majibu nyuma yake kwa penseli, uiweke mbali na unyevu na mchwa. Nanyi wenye simu zenye picha elfu, mpigeni picha anayewasindikiza, hata akikataa. Usiache mbachao kwa msala upitao.