Tableti Zilizofungiwa Kabatini

Leo naomba unisome hadi mwisho, hata kama unasubiri matatu ya kwenda Naivasha. Fungua Mathayo 25, ule mfano wa talanta, kisha urudi hapa.

Wengi wetu tukiusoma mfano ule tunafikiria pesa. Mimi wiki hii nimefikiria kabati la chuma. Liko katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Nilienda pale kuwaombea watahiniwa, nikauliza habari za tableti za watoto, nikafunguliwa nizione. Zimepangwa vizuri, zimefunikwa kwa kitambaa safi. Hakuna aliyeziiba, hakuna aliyezivunja, na hakuna mtoto aliyeziwasha mwaka huu.

Historia yake unaijua. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mambo ya zabuni yakaishia mahakamani, laptopu zikageuka tableti, na mwaka 2016 zikaanza kufika shuleni. Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT walipewa kazi hiyo pamoja na washirika wao. Zaidi ya milioni moja ziligawanywa katika shule zaidi ya 20,000, na kila shule ikapata pia kompyuta mbili za walimu na projekta. Sasa hesabu nami. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza 2016 ndiye aliyefanya KCPE ya mwisho kabisa, ile ya 2023. Kama shule yake ilikuwa na kabati kama hili, alipita madarasa yote manane na mashine yake iko nyuma ya kufuli.

Lakini usimrukie mwalimu. Yule niliyeongea naye aliniambia wazi: "Pasta, moja ikipotea nani atalipa?" Alifunzwa siku chache tu, darasa lake limejaa mpaka mlangoni, na stima ikipotea inapotea. Mtumwa wa Mathayo 25 alijitetea kwamba aliogopa. Mwalimu huyu pia anaogopa, ila yeye hofu yake ina sababu, na sababu hiyo ni sisi wazazi tuliomwachia mzigo peke yake.

Nikueleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, maji yalipobomoa kule Old Kijabe na kushukia watu wetu wa Kamuchiri, tulizika, tukalia, na waliobaki wengine walibaki bila hata karatasi moja. Nilimsindikiza mama mmoja saiba kutafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Huduma iko eCitizen. Kijana wa saiba akamwuliza paswadi. Mama hakuijua. Akaunti alifunguliwa zamani na kijana wa saiba nyingine, ambaye alishahamia Narok. Hata barua pepe iliyotumika ilikuwa ya huyo kijana. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Mtoto wake wa gredi ya tano alikuwa amesimama kando, anaiangalia ile skrini kama mimi ninavyoangalia injini ya lori.

Mama amepoteza nyumba, na sasa hata jina lake lina ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mwingine.

Usicheke. Paswadi yako wewe iko wapi? Nami pasta wenu, kila Juni nampigia kijana fulani simu kuhusu mambo ya KRA. Huduma za serikali zaidi ya 5,000 zimehamia eCitizen. HELB ni mtandaoni, KUCCPS ni mtandaoni, na 2025 watoto wa gredi ya tisa walichagua shule za upili mtandaoni. Wangapi walichaguliwa na mtu wa saiba aliyekuwa na haraka ya kumhudumia anayefuata?

Najua utakachoniandikia hapo chini. "Pasta, intaneti itaharibu watoto." Hata mimi nimehubiri hivyo, tena kwa sauti kubwa, na baadhi yenu mlisema amina. Lakini tuishi na ukweli wa mji wetu. Mai Mahiu ni mji wa barabara. Malori yanalala hapa, kubeti kunafanyika hadharani, na mtoto anayekaa na mamake kibandani ameshika simu tangu ana miaka mitatu. Anajua kutelezesha kidole. Hajui kuandika barua, kuhifadhi kazi yake aipate kesho, wala kumtambua mwongo anayetuma ujumbe kwamba umeshinda pesa. Mabaya ameshafunguliwa, na mema ndiyo tumeyafungia kabatini.

Soma Danieli sura ya kwanza polepole. Vijana wale wanne waliingizwa shule ya mfalme wa kipagani wakafundishwa maandishi na lugha ya Wakaldayo. Danieli hakukataa shule. Alikataa chakula. Na mwisho wa masomo Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa ujuzi katika maandishi yale yale. Mzazi, kazi yako ni kuchunga meza: mtoto anaangalia nini, saa ngapi, akiwa na nani. Kuandika programu ni maandishi ya Wakaldayo wa siku zetu, na KICD iliidhinisha mafunzo yake shuleni tangu 2022.

Basi muhula huu, mkutano wa wazazi ukifika, usiulize chakula na ada pekee. Uliza kwa heshima: tableti zetu ziko wapi, na zilichajiwa lini mara ya mwisho? Kisha usiishie hapo. Jitolee uwe mmoja wa wazazi watakaotia sahihi pamoja na mwalimu, ili ikipotea moja asibebe peke yake. Wababa mnaochomelea milango ya chuma pale stejini, dirisha la darasa moja haliwezi kuwashinda.

Na kanisa lisiwe la kunyoosha kidole tu. Ile laptopu ya kuonyeshea nyimbo Jumapili inalala siku sita. Nimeongea na wazee, na kuanzia Jumamosi hii saa nane mchana itakuwa ya watoto wa gredi ya nne hadi ya sita. Vijana wawili waliomaliza chuo watafundisha, na Mama Mchungaji atakaa nao humo ndani muda wote. Somo la kwanza ni kuandika jina lako na kutunga paswadi usiyompa mtu. Wazazi pia mnaruhusiwa kukaa nyuma, mimi mwenyewe nitakuwa hapo na daftari.

Kama una laptopu nzee ambayo bado inawaka, ilete. Na chaja yake, tafadhali. Mara ya mwisho tuliletewa tatu bila chaja.