Siri Si Faragha: Msamiati wa Mwili na Usalama wa Mtoto

Waswahili ni watu wa tasfida. Lugha yao humsitiri msemaji na msikilizaji, na adabu hiyo ni johari isiyofaa kutupwa. Hata hivyo, yafaa kuuliza: tasfida inapotumiwa mbele ya mtoto wa miaka mitano, humsitiri nani?

Tazama jinsi mtoto anavyofunzwa viungo vya mwili. Hutajiwa kichwa, mabega, kifua na tumbo; kisha somo huruka ghafla hadi magotini. Kilichorukwa hupewa nyumbani jina la kubuni, ambalo hutofautiana kutoka familia moja hadi nyingine. Mtoto huyo akiguswa isivyofaa, hubaki na neno ambalo huenda mwalimu, daktari na polisi wasilielewe.

Kumbukumbu za mahakama za Kenya ni ushahidi tosha. Katika kesi za unajisi, watoto aghalabu husema kuwa mshtakiwa "alinifanyia tabia mbaya". Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, lakini sharti tendo lenyewe lithibitishwe. "Tabia mbaya" yaweza kuwa tusi, kofi au unajisi. Isitoshe, ndiyo kauli ambayo mtoto hukanywa nayo kila siku. Anapoitumia kueleza aliyotendewa, hujihisi kuwa yeye ndiye mkosaji.

Istilahi "sehemu za siri" nayo ina kasoro. Siri ni jambo lisilosemwa, na mnajisi hulitumia neno hilo hilo kumziba mtoto mdomo: "Hii ni siri yetu." Neno "faragha" lingefaa zaidi. Faragha si jambo la kufichwa. Ni mahali pa mwenyewe, pasipoingiwa bila ruhusa. Mtoto wa Kiswahili huijua hodi kabla hajaijua shule. Afunzwe basi kwamba mwili nao una mlango, na kwamba hata anayemwosha au kumtibu humweleza kwanza anachofanya.

Wapo watakaodai kuwa kumfunza mtoto kukataa ni kumfunza ukaidi, kwani asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hoja hii haina mashiko. Methali hiyo humsifu mkuu anayeongoza. Haimpi kila mkubwa mamlaka juu ya mwili wa mdogo. Isitoshe, mara nyingi mnajisi si mgeni. Ni jamaa, jirani au mlezi, yaani wale wale ambao mtoto ameamrishwa kuwatii. Kumwonya dhidi ya wageni pekee ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno. Uke, uume na makalio si matusi. Ni maneno ya vitabu vya sayansi, yanayoweza kutamkwa kwa heshima. Wanaosomea na kufundisha lugha hii wana wajibu wa kuyafikisha mapema kwa watoto kupitia hadithi, vitendawili na vitabu vya madarasa ya chini, pamoja na nambari 116, ambayo hupigwa bila malipo kuwasaidia watoto. Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Mtoto aliyenyimwa jina la kiungo chake amenyimwa pia uwezo wa kushtaki.